Kurudi Mwilini

Anayekwenda kujifunza chigongi hafundishwi mwendo wowote siku ya kwanza. Hufundishwa kusimama. Miguu iachane kwa upana wa mabega, vidole vielekee mbele, magoti yalegezwe, kiuno kitulie, kidevu kirudi ndani kidogo hadi kisogo kipande, ncha ya ulimi iguse kaakaa nyuma ya meno ya juu. Mikono inainuliwa mbele ya kifua, ikizunguka nafasi tupu. Halafu basi. Dakika ya tatu haijaisha, mapaja yameanza kutetemeka, bega moja linagundulika limepanda bila kuagizwa, na taya, ambalo hakuna aliyelitaja, kumbe limekazwa tangu asubuhi. Mtu hajafanya lolote, na tayari amepata habari tatu za mwili wake ambazo jana hakuwa nazo.

Hapo ndipo heshima yangu kwa ufundi huu wa Wachina inapoanzia. Seremala mzuri wa Butembo hupitisha kiganja juu ya ubao kabla hajagusa randa. Anataka kujua nyuzi zinaelekea wapi, fundo liko wapi, upande gani utachanika ukilazimishwa. Katika chigongi mtu ni ubao na kiganja kwa wakati mmoja. Msimamo, mwendo wa polepole na pumzi vyote vimewekwa ili kiganja kile kipate nafasi ya kupita. Ninausifu ufundi huu mbele ya watu wa Mabalako hasa, kwa sababu sijui watu wengine wengi waliolazimishwa kuiogopa miili yao wenyewe jinsi sisi tulivyolazimishwa.

Zoni ya afya ya Mabalako iko katika teritwari ya Beni, mashariki mwa Kongo. Mangina, mji wake mkubwa, uko kilomita 30 hivi magharibi ya mji wa Beni, kwenye barabara inayoendelea kuelekea Biakato na Mambasa, pale msitu wa Ituri unapoanza. Ni nchi ya kakao, kahawa, migazi, na mipapai inayochanjwa utomvu. Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola imezuka huku, na jina la Mangina likasikika duniani kwa mara ya kwanza kwa ubaya huo. Mlipuko ule, wa kumi nchini tangu ugonjwa ujulikane Yambuku mwaka 1976, ulidumu hadi 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Ni ule wa Afrika Magharibi tu, wa 2014 hadi 2016, uliouzidi.

Hesabu hizo zimeandikwa mara nyingi. Kilichoandikwa kwa uchache ni jinsi miezi ile ilivyobadilisha namna mtu anavyoishi ndani ya mwili wake. Kwenye kila kizuizi cha barabara palikuwa na ndoo ya maji ya klorini, na mtu aliyekuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso, katika nchi ambayo watu wanajua vizuri ni kitu gani kingine huelekezwa hapo. Abiria aliyetoka juani nyuma ya motari alisali kimoyomoyo namba isifike 38. Malaria, ambayo huku kila mtu anayo historia nayo, huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na kutapika. Ebola nayo huanza hivyo hivyo. Basi mwili ukawa mshukiwa. Watu walijigusa shingo usiku, kwa siri, wakipima joto kwa mgongo wa mkono. Salamu ya kupeana mikono ikawa ya kiwiko. Matanga yakakosa watu, na maiti ya mama haikuoshwa tena na binti zake.

Hofu hiyo haikukuta kiwanja kitupu. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vimechinjwa usiku, mauaji ambayo mengi yake yanahusishwa na wapiganaji wa kundi la waasi la ADF, na kila familia imejifunza namna yake ya kulala: nguo mwilini, viatu karibu na mlango, sikio likikesha. Siudharau ujuzi huo. Umeokoa watu. Lakini mwili ukishafundishwa kukesha, hauamini maneno ukiambiwa kwamba leo pametulia. Unaweza kumwambia mtu aliyehamia Butembo kwamba mtaa huu ni salama, naye akakubali kwa kichwa, huku tumbo lake likiendelea kusikiliza vichaka. Mwili husemeshwa kwa uzito, kwa joto, kwa pumzi, kwa mwendo. Asiyejua kusema nao hivyo atahubiri bure.

Chigongi yenyewe ilinifikia kwa njia ya biashara. Wafanyabiashara wa Butembo wamekuwa wakienda Guangzhou kwa miaka mingi kutafuta vitenge, vipuri vya pikipiki, simu na mabati. Wengi hulala upande wa Xiaobei, mtaa unaojulikana kwa Waafrika wake, na si mbali na hapo kuna bustani kubwa ya Yuexiu. Mjomba wangu ni mmoja wao. Usingizi ulikuwa umemkimbia tangu tulipopoteza shamba, akawa anatoka hotelini alfajiri ili asibaki kitandani akihesabu hasara. Bustanini akawakuta wazee, wanawake kwa wanaume, wakiinua mikono pamoja bila haraka. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza naye. Mama mmoja mzee alimsogeza tu kwa kiwiko akamweka kwenye mstari. Aliporudi Butembo na makasha yake ya bidhaa, alikuwa pia na video kwenye simu, na kila asubuhi akasimama nyuma ya nyumba. Nilipomwendea na usingizi wangu nami uliopotea, alisema, "Mpwa wangu, simama hapa. Maswali baadaye."

Maswali yalipokuja, nilijisomea. Mwaka 1973, katika kaburi la Mawangdui karibu na Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, wachimbuzi walipata hariri iliyochorwa watu 44 wakijinyoosha, wakiinama, wakiinua mikono. Baadhi wamevaa vizuri, wengine vifua wazi, ishara kwamba jambo hili halikuwa la tabaka moja. Mfuatano ninaoufanya mimi, Vipande Vinane vya Hariri, ulikuwa tayari na jina hilo katika enzi ya Song, iliyokwisha mwaka 1279. Katika miaka ya 1950 Liu Guizhen, mtumishi wa serikali aliyekuwa ameteswa na vidonda vya tumbo, aliyaingiza mazoezi ya aina hii katika vituo vya tiba vya mkoa wa Hebei. Miaka ya 1980 ikaleta walimu waliodai kuponya saratani kwa kunyoosha kiganja kutoka mbali, na umati ukawafuata. Mwaka 1999 serikali ya China ikaipiga marufuku Falun Gong, kundi lililotokana na wimbi hilo, na katika miaka iliyofuata ikatoa mifuatano minne sanifu, Vipande Vinane vikiwa mmojawapo. Ninayataja haya ili ndugu zangu wasije wakauziwa miujiza. Watu wetu wameshalipia miujiza ya kutosha kwa machozi na kwa mbuzi wao. Yeyote anayekuja Beni kuuza nguvu itokayo viganjani mwake apewe maji ya kunywa, aonyeshwe barabara.

Kilichobaki baada ya kuondoa miujiza ni kingi. Mwanzoni mwa 2020, kule Wuhan, hospitali za muda ziliwekwa katika viwanja vya michezo na kumbi za maonyesho, na wagonjwa wa Covid wenye barakoa walisimama kati ya vitanda wakifanya Vipande Vinane pamoja na wauguzi waliofunikwa kutoka kichwa hadi mguu. Siku hizo hizo, tarehe 3 Machi, wahudumu wa kituo cha tiba cha Beni walimsindikiza mgonjwa wao wa mwisho wa Ebola kwa nyimbo na ngoma, wakiamini kwamba yamekwisha. (Hayakuwa yamekwisha, mgonjwa mwingine alipatikana mwezi Aprili.) Nimezitazama picha za pande zote mbili kwa makini. Mavazi ya kujikinga ni yale yale, na haja ni ile ile: mwili uliofungiwa unataka kusogea, na unataka kusogea pamoja na wengine.

Sasa niingie katika ufundi wenyewe. Vipande ni vinane, na vyote pamoja huchukua dakika kumi na mbili hivi. Katika cha kwanza vidole vinafumwa na viganja viwili vinasukuma mbingu juu. Hiki huwafaa mama zetu kuliko maelezo yoyote, kwa sababu kikapu cha mihogo kinachobebwa mgongoni kwa mkanda wa paji la uso huvuta shingo mbele na kufunga mbavu. Mwanamke aliyekibeba tangu utotoni akiinua mikono yake pole pole, utasikia pumzi ikiingia mahali ambapo haikuwa imefika. Cha pili ni kuvuta upinde na kumlenga tai. Mkono mmoja unanyooka, kidole cha shahada kimesimama, mwingine unavuta kamba isiyoonekana hadi begani, na macho yanafuata kidole kile mpaka mwisho. Wawindaji wa Kimbuti wa msitu wa Ituri wangelitambua umbo hilo mara moja, na wangesahihisha kiwiko cha wengi wetu. Cha tatu, mkono mmoja juu na mwingine chini, nakipita. Ni kizuri, lakini hakijanifundisha kitu ambacho cha kwanza hakikunifundisha.

Cha nne ndicho nilichokaa nacho miaka. Mtu anasimama wima, mikono inazungushwa nje hadi viganja vielekee mbele, kichwa kinageuka taratibu, na macho yanatazama nyuma. Halafu anarudi katikati, magoti yanalegea, anageukia upande mwingine. Kazi ya kipande hiki, kwa mujibu wa mapokeo, ni kukinga michosho mitano na madhara saba. Waganga wa kale wa China waliieleza michosho ile kwa lugha ya kila siku: macho yanayokodoa mno huidhuru damu, kulala mno huidhuru pumzi, kukaa mno hudhuru nyama, kusimama mno hudhuru mifupa, kutembea mno hudhuru kano. Namwona mtu wa kwetu katika kila mchosho. Ametembea na mtoto mgongoni kutoka kijijini hadi Oicha au Beni. Amesimama akingoja mgao wa unga. Amekaa uani kwa ndugu aliyempokea, mikono mapajani, msimu wa kupanda ukipita. Amelala chini ya chandarua cha kituo cha afya. Na muda wote huo macho yake hayajaondoka barabarani.

Sisi kutazama nyuma tunakujua. Tunakufanya ghafla, shingo ikikatika, pumzi ikikwama, mguu ukiwa tayari kukimbia. Ufundi wa kipande cha nne uko hapa: unatazama nyuma kwa mwendo wa konokono, pumzi ikiendelea kutoka, uzito ukibaki sawasawa juu ya nyayo mbili, na kisha, hili ndilo kubwa, unarudi katikati. Unarudi kila mara. Mama mdogo aliyenilea alikufa katika mlipuko ule, akazikwa ndani ya mfuko na watu waliovaa mavazi meupe, nasi tukasimama mbali, mikono yetu haina kazi. Sikulia. Nilikuwa na mambo ya kupanga. Zaidi ya mwaka ulipita, na asubuhi moja, nikiwa nimegeuza kichwa upande wa kushoto, kilio kilinitoka bila hodi. Mjomba hakusimamisha mwendo wala hakunigusa. Aliendelea kuhesabu, nami nikarudi katikati nikiwa nalia, nikageukia kulia nikiwa nalia. Tangu siku hiyo naweza kumkumbuka mama mdogo akiwa jikoni kwake, akipondaponda sombe, na si katika mfuko ule tu. Huo ndio uponyaji ninaousemea. Haukuniondolea msiba, ulinirudishia mtu wangu.

Wako watakaotaka maelezo ya kidaktari, na yapo, bila fumbo. Moyo hupiga polepole kidogo kila tunapotoa pumzi na huongeza kasi tunapovuta. Mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni ndio unaoshika hatamu hiyo. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Katika Vipande Vinane pumzi hufuata mikono, na mikono haina haraka, hivyo wengi hushuka hadi mara sita hivi. Pumzi ndefu ya kutoa, ikirudiwa kila siku, huuzoesha mwili kushuka kutoka kwenye tahadhari. Neno ni kila siku. Anayefanya saa nzima Jumapili kisha akapumzika juma zima atapata jasho tu. Mimi ningemshauri mtu afanye kipande kimoja kila asubuhi badala ya vyote vinane anapokumbuka.

Na mipaka yake isemwe wazi. Chigongi haizuii panga wala haiui virusi. Dawa mbili za kwanza zilizothibitika kuokoa wagonjwa wa Ebola, zinazoitwa leo Ebanga na Inmazeb, zilijaribiwa hapa hapa, katika vituo vya Mangina, Beni, Butembo na Katwa, kuanzia Novemba 2018, katika utafiti ulioongozwa na watafiti wetu pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe. Wagonjwa wa Mangina waliokubali kushiriki waliipa dunia zawadi ambayo sijaona ikishukuriwa ipasavyo. Kwa hiyo mwenye homa aende kituoni, na chanjo ikija ipokewe. Ninachosema ni kwamba baada ya dawa kufanya kazi yake, hubaki mtu, na mtu huyo bado anaogopa paji lake la uso.

Wachungaji na mapadri wameniuliza kama hii ni dini ya kigeni inayoingia kwa mlango wa nyuma. Ni swali la haki, na ninalijibu kwa heshima: hakuna jina linaloitwa, hakuna sadaka, hakuna kiapo. Ninamaliza vipande vyangu kisha nasali rozari, na sala yangu imekuwa na utulivu zaidi kwa sababu magoti hayalalamiki. Wala si sisi wa kwanza kupokea mwendo wa mbali ili kuponya majeraha ya huku. Goma, tangu 2014, capoeira ya Brazili imefundishwa kwa watoto waliotoka katika vikundi vya silaha, na kwa wanawake na wasichana katika hospitali ya HEAL Africa. Capacitar, kazi iliyoanzishwa na Patricia Mathes Cane huko Nicaragua mwaka 1988, imepeleka taichi na mazoezi ya pumzi kwa walionusurika vita katika nchi nyingi, Rwanda ikiwemo. Mwili wa mwanadamu hauulizi pasipoti ya kitu kinachoupumzisha.

Ningependa sana ufundi huu uwafikie waliopona Ebola. Wako zaidi ya 1,100 kutoka mlipuko ule, na wengi hubaki na maumivu ya viungo, uchovu, macho yanayowasumbua. Baadhi yao ndio waliorudi vituoni kubeba watoto ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuwabeba bila mavazi ya kujikinga, na mikono ile inastahili kutunzwa. Katika kikundi chetu cha Jumamosi wapo wawili. Mmoja hawezi kuinua mikono kupita masikio. Tunamwambia aishie hapo hapo, kwa sababu kipimo katika chigongi ni pale pumzi inapokwama, si pale jirani alipofika. Mwingine hufanya vyote akiwa ameketi kwenye kiti cha mbao. Kipande cha tano, cha kuzungusha kichwa na kiuno, tunakiacha kwa wenye kizunguzungu. Cha sita, cha kushuka hadi vidole vya miguu, kinafanywa mpaka magotini na inatosha. Cha saba, cha kukunja ngumi na kukodoa macho, kilinitia wasiwasi mwanzoni, maana nilidhani kitawarudishia watu hasira. Kinyume chake, dada mmoja aliniambia kwamba hapo ndipo alipoanza kuhisi ana mikono. "Yaya," alisema, "hasira yangu ilikuwa tumboni tu. Sasa inajua pa kutokea."

Wakulima huniambia hawana dakika kumi na mbili, na nawaamini. Kakao haingoji, na siku hizi mtu hukimbia shambani na kukimbia kutoka shambani. Basi huwa nawapa kipande cha nane peke yake. Unasimama, unainuka juu ya vidole vya miguu huku kisogo kikipanda, unakaa kidogo, unashuka. Misuli ya mashavu ya miguu husukuma damu irudi juu, na mshtuko mdogo wa kisigino hupanda kupitia mifupa hadi kichwani. Kinaweza kufanywa kwenye foleni ya maji, nje ya ghala la mnunuzi ukingoja gunia lako lipimwe, au kando ya motari anayetafuta abiria wa pili. Mara saba, kisigino kishuke polepole kuliko kilivyopanda, na mwenye magoti mabaya ashike ukuta.